Darubini ya kuangalia Kilimia: lenzi safi, stendi wizi mtupu

Jamani kama kuna mtu anataka kununua hizi darubini za boksi lililoandikwa 525x, yaani eti zinakuza mara 525, akague stendi kwanza, maana mimi stendi ndiyo imenitoa machozi. Nilinunua Kariakoo mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya Kilimia tu, lile fungu la nyota ambalo babu zetu walikuwa wanaliangalia kujua msimu wa kulima. Sasa huku Dodoma Kilimia kikipanda kinakaa upande wa kaskazini, juu haswa mpaka shingo inauma, kwa hiyo bomba la darubini lazima uliinue sana. Ukishakipata, ukiachia mkono tu, bomba linashuka lenyewe taratiiibu. Unakaza skrubu, linashuka. Unakaza tena, na skrubu yenyewe ni chuma inaingia kwenye plastiki, meno yakalika, ikawa inazunguka bure. Usiku wa kwanza!

Nikapanda nayo basi mpaka Dar kuirudisha. Muuzaji hata boksi hakufungua, ananiambia "dada na wewe nyota za nini, si ungenunua hata blenda". Mbele za watu! Mimi nafundisha jiografia, nina wanafunzi hawajawahi kuangalia angani kwa lenzi hata siku moja, halafu mtu aliyeshika hela yangu ananiambia blenda. Hela hakurudisha, stendi hakubadilisha.

Na hiyo 525 ni uongo wa biashara. Lenzi ya mbele ni milimita 60, ukikuza kupita kama mara 120 unaona ukungu tu. Tena Kilimia hakitaki kukuzwa, kimetanda karibu upana wa mwezi mpevu mara nne. Weka kioo cha jichoni cha milimita 20, kile kinachokuza kidogo, basi, hivyo vingine viacheni humo humo kwenye boksi.

Nilishaamua niandike msinunue kabisa. Ila fundi baiskeli wa mtaani kwetu alinifungia shingo ya stendi kwa mpira wa tyubu, bomba likatulia, na weee! Kwa macho matupu nahesabu nyota sita, humo ndani zimejaa, nyeupe zenye ubuluu, na ubavuni mwa Alcyone, ile inayong'aa kuliko zote, kuna vinyota vitatu vimekaa pembetatu. Mwanga wa Kilimia umesafiri kama miaka 440 kutufikia. Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1610 alichapisha mchoro wa Kilimia wenye nyota 36 na lenzi yake ilikuwa ndogo kuliko hii yangu! Wanafunzi walipanga foleni, mmoja kaishika darubini hataki kuachia, wenzake wanamvuta shati.

Kwa hiyo lenzi naisifia, nunueni. Hapana, ngoja, kama hela ni hiyo hiyo chukueni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni milimita 50, Kilimia chote kinaingia mara moja na hakuna stendi ya kukutesa. Yangu mimi siiuzi lakini, mwezi wa tano naitaka kwa lile fungu dogo la karibu na Msalaba wa Kusini. Na yule muuzaji stendi yangu bado namdai.