Tanga la kung'oa lisilong'oka

"Kwani uliulowesha?" Hivyo ndivyo fundi alivyonijibu nilipompelekea malalamiko kuhusu mlingoti aliouweka kwenye boti yangu. Sikutegemea aniangukie miguuni. Lakini mtu akuuzie kitu cha kukaa ziwani, ukitumie ziwani, halafu akuulize kwa nini kimelowa! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, ndiyo maana naandika, ili anayefikiria kuongeza tanga kwenye boti yake ya injini asome kwanza.

Wazo lenyewe si baya. Kwa sisi wa Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ni zuri kabisa. Upepo wa Ghuba ya Winam una desturi yake: usiku mpaka alfajiri unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, jua likishapanda unageuka na kuingia Kisumu kutoka ziwani. Ukitoka mapema ukarudi alasiri, unasukumwa kwenda na unasukumwa kurudi, na petroli inabaki kwenye tangi. Tena kuna magugu maji. Propela ikishajisokota mle ndani injini inazima, na ukishajitoa kwa kasia, tanga ndilo litakalokufikisha nyumbani.

Nilitaka la kung'oa kwa sababu nabeba wageni wa kutazama ndege kando ya mafunjo, na huko mlingoti ni kero tupu. Halafu usiku hatuachi kitu ufukweni. Injini inabebwa begani hadi nyumbani, tanga nalo lazima libebwe.

Fundi alinielewa, au alijifanya ananielewa. Alitoboa benchi la mbele, akafunga kipande cha bomba la chuma sakafuni kiwe kikombe cha kushika mlingoti, akachonga mti wa mkaratusi ukaingia mle bila kucheza hata kidogo. Tanga halikuwa na kamba ya kulishushia. Alilifunga kwenye mlingoti kwa vifundo toka chini hadi juu. "Ukitaka kushusha, bosi, ng'oa tu, uvingirishe vyote pamoja." Akanionyesha pale karakana, jua linawaka, akaung'oa kwa mkono mmoja. Nikalipa zote.

Mwanzoni nilifurahi, siwezi kuficha. Injini imeinuliwa, boti inateleza, unasikia ndege wakiitana ndani ya mafunjo na maji yakipita ubavuni. Mgeni mmoja, mama mtu mzima kutoka Kakamega, aliniomba nisiwashe injini tena mpaka tufike.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa wakati wa mvua za masika, tunarudi kutoka upande wa Kendu Bay na abiria na magunia. Upepo wa mgongoni, mzuri. Mara wingu likajipanga upande wa milima ya Nandi, jeusi, na anayekaa huku anajua wingu la kule likianza kushuka alasiri halikupi muda. Nikamwambia kijana wangu wa mbele, "Ng'oa!" Akavuta. Wapi! Nikaenda tukashika wawili, tukavuta mpaka benchi likalia. Mlingoti ulikuwa umekaza kama umeota mizizi. Mti mkavu ukinywa maji huvimba, na kile kikombe kilikuwa kimezibwa chini, kila tone lililoingia lilibaki humo humo. Hilo ni jambo ambalo mtoto yeyote wa ziwani analijua.

Upepo ukatufikia kutoka mbele. Niliachia kamba ya kuongozea tanga, tanga likaanza kupigapiga juu ya vichwa vya watu, na ule mti wa mshazari unaolitanua ukamchapa kijana begani. Boti ikalala upande, maji yakaanza kuchungulia ndani. Mama mmoja alikuwa anaomba kwa Kijaluo kwa sauti ya juu. Kilichotuokoa ni kisu cha samaki. Nilikata vifundo kimoja kimoja kuanzia chini, kile cha juu sikukifikia, na kijana, kwa bega lile lile, akapanda benchi akakikata. Tanga likaanguka majini tukaliburuta hadi injini ikawaka. Wote walikuwa wamevaa jaketi za kuokolea maisha, nashukuru Mungu.

Nilimwendea fundi mwenyewe, si kwa simu. Alikuwa anakunywa chai na hakuinuka. Nikamweleza kwamba watu nusura wazame. Ndipo akaniuliza swali lake, na vijana wake wakacheka. Akaongeza kwamba wateja wengine hawalalamiki. Sikumdai pesa! Nilimwomba aje aione boti tu. Akasema kesho. Kesho hiyo haijafika, na simu yangu haishiki.

Kwa hiyo usinunue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua kuandika, lakini nitakuwa nalionea tanga. Mzee mmoja mvuvi pale ufukweni aliutazama ule mlingoti, akatikisa kichwa, akaenda kuchukua vifaa vyake. Alitoboa bomba ubavuni, karibu kabisa na sakafu, maji yapate kutoka. Akapunguza kitako cha mlingoti kwa randa, akakipaka rangi ya mafuta, na nafasi iliyobaki akaijaza kwa kabari: ukiigonga ikatoka, mlingoti unainuka wenyewe. Juu akaweka kapi na kamba, na vile vifundo akavibadilisha kuwa pete za kamba zinazoteleza, kwa hiyo sasa tanga linashuka hata kama mlingoti umegoma. Kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja tu, na yule mwingine alikuwa na wiki nzima na pesa zangu zote!

Tanga ninalo, nalitumia, na leo ukiniambia niliuze tutakosana. Basi weka tanga, ndugu yangu, weka. Ila usitoe shilingi ya mwisho mpaka mlingoti ulale usiku kucha ndani ya kikombe kilichojaa maji, na asubuhi fundi mwenyewe aung'oe mbele yako. Akikataa, chukua mbao zako uondoke. Na usikubali tanga lisilo na kamba ya kushushia, hata kama anakuapia kwa kaburi la babu yake.

Na wewe fundi, kama unasoma hapa: kijana bado hawezi kuinua injini kwa bega lile, na hujampigia simu hata kumwambia pole.