Gari kuukuu la 4x4: lipi la kununua, na kwa nani

Mwenye Land Cruiser ya miaka ya 90 haambiliki. Mtajie gari jipya lenye kamera kila upande, atakufungulia boneti akuonyeshe injini yake: kila bomba linaonekana, na mkono unafika kwenye starta bila kung'oa kitu kingine. Mapenzi hayo yana msingi. Gari lenye chesisi ya chuma, ekseli nzito na pampu ya dizeli isiyongoja amri ya kompyuta hutengenezeka popote palipo na fundi na seti ya spana. Ila mapenzi hayo hayo ndiyo yanayopandisha bei, na ndiyo yanayomfumba mnunuzi macho. Jina likishasifiwa sana, hata mkweche hupigwa rangi ukauzwa kwa bei ya gari lililotunzwa.

Kwa hiyo hapa nimetanguliza injini, jina likafuata. Na muuzaji ana uzito kuliko vyote viwili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: gari safi la aina hii mara nyingi huchukuliwa na rafiki wa mwenyewe kabla halijatangazwa. Waulize mafundi wanaoyatengeneza, wao wanajua nani anahama na nani amechoka kuendesha. Mtu anayeuza huku roho inamuuma, mwenye daftari la kila oili aliyobadilisha, mlipe zaidi kidogo. Utakuwa umeokoa.

1. Toyota Land Cruiser 80 (1990 hadi 1997)

Hili ndilo la kwanza, na sioni mjadala. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja mzito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, springi za koili pande zote nne badala ya zile za matabaka za mtangulizi wake, na nafasi ya familia pamoja na mizigo yake. Mengi yake yanavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na yana loki ya difu ya katikati, inayolazimisha mbele na nyuma kuzunguka pamoja, kwa pale panapokuwa pabaya.

Injini ya kutafuta ni 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Ni mzito wa kukimbia. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, foleni itajipanga nyuma yako, na mwenye haraka zake atafute jingine. Lakini ni injini inayovumilia. Taimingi yake, yaani mpangilio wa valvu na pistoni kufuatana, inaendeshwa na belti, si cheni, na desturi ni kuibadilisha kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijaguswa, uweke gharama yake kwenye bei.

Yenye tabo, 1HD-T, ni tamu zaidi barabarani, ila inajulikana kwa beringi za konrodi, mikono inayoshika pistoni, kulika mapema. Uliza kama zimebadilishwa, na utake kuona risiti. Ya petroli, 1FZ-FE ya lita 4.5, ni imara na ina cheni, lakini inakunywa mafuta bila haya, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ina tabia ya kuchokea kule nyuma kwenye silinda ya sita.

Sasa lala chini, nyuma ya gurudumu la mbele. Utaona tufe la chuma linalojigeuza kila usukani unapozungushwa. Pitisha kidole. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida, tena ni dalili njema. Ukikuta uji mweusi unaonuka oili ya difu, umechuruzika hadi ndani ya rimu, basi sili ya ekseli imekufa na oili imechanganyika na grisi. Spea zenyewe si kitu, ni sili, grisi na beringi kama zimelika, ila kufungua pande zote mbili ni kazi ndefu na chafu. Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba aliyeliacha hilo likachuruzika kwa miezi ameacha na mengine usiyoyaona.

Ukishatoka hapo, kata usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu, kulia kisha kushoto, vioo vikiwa vimeshushwa na redio imezimwa. Mlio wa ta-ta-ta unaofuata mwendo wa gurudumu ni jointi ya ekseli.

Ukikosa 80 iliyonyooka, tafuta 105. Bodi ni ya kizazi cha 100 kilichoanza 1998, lakini mbele kuna ekseli nzima, na 1HZ ileile unaipata.

2. Nissan Patrol Y60, na Y61 yenye TD42

Wapo watakaoniambia hii ndiyo ingekuwa namba moja, na kwa injini peke yake wana hoja. TD42 ni dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, na taimingi yake ni ya gia: hakuna belti ya kukatika. Y60 ilianza 1987, nayo ina ekseli nzima na springi za koili. Imeteremka nafasi moja kwa sababu ya starehe, na kwa sababu 4x4 yake ni ya kuchomeka. Juu ya lami kavu unaendesha kwa magurudumu mawili. Ukiacha manne yakivuta kwenye lami kavu na ukakata kona, mfumo mzima unajikaza na unaumia.

Y61 iangalie kwa macho mawili. Nyingi zilikuja na ZD30 ya lita 3.0, na matoleo ya mwanzo ya injini hiyo yalijipatia sifa mbaya ya kuunguza pistoni. Nje gari ni lilelile la kuvutia, kwa hiyo usitoe fedha kabla hujasoma namba ya injini.

3. Toyota Land Cruiser Prado 90 (1996 hadi 2002)

Kwa anayeishi mjini na kutoka mara chache, hili ni jepesi kuishi nalo kuliko yale mawili ya juu. Chagua la petroli: V6 ya lita 3.4, au ile ya lita 2.7 yenye silinda nne na cheni. Dizeli ya 1KZ-TE inavuta vizuri lakini haisamehe kupata moto; ikichemka mara moja, hedi inaweza kupasuka. Tazama rejeta kabla ya kitu kingine chochote. Kisha mwambie fundi ainue mbele apime boljointi za chini, viungio vinavyolishika gurudumu. Zikilegea usizingoje, maana ikichomoka gurudumu linalala ubavu.

4. Subaru Legacy na Outback

Ni mnyama tofauti kabisa. Subaru ilikuwa ikiuza wagoni ya 4x4 tangu Leone ya 1972, na mapenzi ya wenye nazo hayana tofauti na ya watu wa Land Cruiser. Kama ubaya wa njia yako ni utelezi, mvua au changarawe, hutahitaji tani mbili za chuma. Kama ni mawe na makorongo, pita.

EJ22 ya lita 2.2 ndiyo ya kutulia nayo. EJ25 inajulikana kwa gasketi za hedi, kwa hiyo endesha mpaka ipate moto vizuri, zima, kisha tazama tangi la akiba la maji kama linatoa mapovu. Na tairi zote nne lazima zilingane kwa aina na kwa kulika. Mbili mpya na mbili zilizokwisha zinatesa mfumo wa kugawa nguvu.

5. Mitsubishi Pajero (kizazi cha 1991 hadi 1999)

Mitsubishi ilishinda mashindano ya magari ya jangwani ya Dakar mara 12, na mfumo wa Super Select wa Pajero unakuruhusu kutumia 4x4 hata kwenye lami kavu. Mbona basi iko mwisho? Dizeli ya lita 2.5 inapasua hedi, na kutu hupenda chesisi sehemu ya nyuma. Ile ya lita 2.8 ina cheni, anza na hiyo.

Land Rover Discovery ya kwanza nimeiacha nje. 300Tdi yake ni injini nzuri na rahisi kutengeneza, ila nyaya zake na kutu vinachosha, na hapa tunatafuta gari la kutegemewa.

Lolote utakalochagua, fika asubuhi kabla injini haijawashwa, na uguse boneti. Ikiwa ya moto, kuna aliyeiwasha mapema kwa makusudi, usione inavyowaka ikiwa baridi. Rudi siku nyingine. Usiiamini odometa kuliko raba ya pedali ya klachi na kiti cha dereva. Na mkishaelewana bei, uliza kuhusu lile boksi la spea lililoko stoo: pampu ya maji ya akiba, filta, belti, pengine starta nzima. Wenye magari haya karibu wote wanalo, na gari likishaondoka halina tena kazi nyumbani kwao.