Negroni Sbagliato ya Malindi: mapovu yote yaliishia kwenye sheka

Nyota mbili, kwa sasa.

Baa yenyewe iko ndani ya hoteli ya ufukweni Malindi, mji ambao Waitaliano wamekaa miaka mingi hadi wachuuzi wa ufukweni wanakuuzia vinyago kwa Kiitaliano. Nilitegemea Negroni Sbagliato, kokteli ya Milano, Italia, ijulikane. Kwenye menyu imeandikwa sawasawa: Campari (kileo chekundu kichungu), vermuti nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo), Prosecco (mvinyo wa mapovu wa Kiitaliano). Halafu baamen akavimimina vyote vitatu kwenye sheka, lile kopo la kutikisia vinywaji, akatia barafu, akafunga, akaanza kutikisa. Mvinyo wa mapovu, jamani! Kifuniko kikaruka, nusu ikatapakaa kaunta, iliyobaki akaichuja kwenye glasi ndefu nyembamba. Ilikuwa imelala kama soda iliyoachwa wazi tangu jana.

Nilipomwambia mapovu yameisha, alijibu bila kuniangalia: "Bosi, hapa ndivyo tunavyotengeneza. Kama hutaki, bia ipo."

Haya. Tangu mahojiano ambamo mwigizaji Emma D'Arcy alikitaja kuwa kinywaji akipendacho yalipozunguka mtandaoni mwaka 2022, baa nyingi zimekidandia kinywaji hiki bila kujua kazi yake. Asili yake ni Bar Basso, Milano, mwaka 1972: mwenye baa, Mirko Stocchetto, akitengeneza Negroni ya kawaida (Campari, vermuti na jini) alishika chupa ya mvinyo wa mapovu badala ya jini. Kila kingine kikabaki vilevile. Kwa hiyo mapovu ndiyo yameziba nafasi ya jini, na yakitoka unabaki na sharubati chungu ya kulipia bei ya hoteli.

Kutikisa kungesameheka kama chupa ingekuwa baridi. Wapi! Ilikuwa imesimama kwenye rafu nyuma ya kaunta, chini ya taa, na kijiko kikining'inia shingoni. Kijiko hakizuii gesi hata kidogo. Kinachosaidia ni kizibo cha kubana chenye mikono miwili ya chuma, pamoja na friji. Chupa ikishafunguliwa shinikizo limekwenda. Gesi iliyobaki inashikwa na ubaridi na utulivu, na hapa ilinyimwa vyote viwili.

Inavyotakiwa: glasi fupi pana, barafu ya mabonge makubwa. Mililita 30 za Campari na 30 za vermuti nyekundu zitangulie, ukoroge mpaka glasi itoe jasho kwa nje. Hapo ndipo mvinyo uingie, ukiwa umetoka kwenye friji dakika hiyo hiyo, mililita 45 hadi 60. Wapo wanaoshikilia 30 kwa kila kimoja kama Negroni yenyewe, na hawajakosea, ila kwa joto la Pwani uzito huo unachosha. Inamisha glasi, mimina taratibu ukifuata ubavu wake. Campari na vermuti zina sukari nyingi, zinakaa chini, kwa hiyo zamisha kijiko hadi chini, kiinue mara moja, acha. Ukizungusha zungusha unafukuza gesi. Kipande cha chungwa, kwisha. Barafu ndogo iliyoanza kuyeyuka ina makosa mawili: inatia maji, na vile vijipembe vyake vyote vinavuta mapovu nje.

Someni na lebo, tafadhali. Chupa yao ilikuwa Extra Dry, na jina hilo, maana yake "kavu sana" yaani isiyo tamu, linadanganya watu kila siku: ina gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita, wakati Brut, ambayo ndiyo kavu zaidi yake, haizidi 12. Ukiiongeza juu ya vermuti, utamu unafunika uchungu wa Campari. Iliyoandikwa Frizzante nayo iacheni, gesi yake ni kidogo tangu kiwandani. Tafuteni Spumante, yenye mapovu kamili. Vermuti nayo ni mvinyo, inachoka ikifunguliwa. Kaeni nayo kwenye friji muimalize ndani ya mwezi au miwili, siyo ile yao iliyokuwa inanukia zabibu kavu na siki.

Sasa nisiwe mnyimivu. Dada aliyeingia zamu alisikia kelele, akaja, akasema, "Samahani sana kaka, ngoja nikutengenezee nyingine." Akafungua chupa mpya kutoka kwenye friji, Brut, akajenga kinywaji ndani ya glasi, bonge moja la barafu safi kabisa, kijiko mara moja. Mapovu yalidumu mpaka funda la mwisho, uchungu wa Campari ukaja mwishoni unapotakiwa. Kwa mkono wa dada huyo ningetoa nyota nne bila kusita, na nilikuwa nimeshaanza kuziandika.

Kisha bili ikaja. Zote mbili zimo, pamoja na ile iliyofutwa kaunta kwa kitambaa. Baamen wa kwanza ndiye aliyeileta, eti ikishatengenezwa imeuzwa. Nyota moja, basi. Ukifika na dada hayupo zamu, agiza Negroni ya jini. Hiyo hata wakiitikisa haina mapovu ya kupoteza.