Darasa la mantiki la Jumamosi, Wete: nililoliona nikiwa nimekaa nyuma

Wazazi wenzangu wa Wete, na nyinyi wa Gando na Mtambwe mnaopita dukani kwangu kuuliza kama darasa la mantiki, la kufundisha watoto falsafa na kupima hoja, linafaa, jibu langu ni hili: ndiyo, mpelekeni mtoto. Binti yangu wa kidato cha tatu yumo tangu muhula uliopita, na mimi hukaa nyuma kila nikipata mtu wa kunishikia duka. Kinachonifanya niendelee kulipa ni namna watoto wanavyokalishwa na kugawiwa kazi. Falsafa yenyewe naiweka ya pili.

Ada ni shilingi elfu 12 kwa mwezi, na ndugu wa pili wa nyumba moja hulipa nusu. Wanaanza saa mbili na nusu asubuhi, wanatoka kabla ya adhuhuri. Wanachukuliwa kidato cha pili mpaka cha nne. Makundi ya wanne wanne huyapanga Maalim mwenyewe, watoto hawachaguani: wa mjini na wa shamba, wa kike na wa kiume, mkubwa na mdogo. Falsafa haitungiwi mtihani skuli, kwa hivyo anayetafuta tuisheni ya Fizikia atafute pengine. Mazungumzo yote ni kwa Kiswahili, na hilo nalithamini sana. Sekondari wanasomeshwa kwa Kiingereza, na wako watoto wenye akili nzuri wanaonyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kukosea sarufi. Hapa nimewasikia wakisema.

Nieleze zoezi moja kwa kirefu, maana hilo ndilo lililonishawishi. Maalim aliweka kadi nne juu ya kila meza: A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni akaiandika ubaoni: kadi yenye irabu upande mmoja, upande wake wa pili ina namba ya shufwa. Akauliza, ni kadi zipi lazima mzigeuze ili mjue kanuni hii ni ya kweli au imevunjwa? Kwanza kila mtu aandike jibu lake peke yake, kimya, bila ya kuchungulia kwa jirani. Karibu darasa zima waliandika A na 4, na binti yangu akiwamo.

Halafu wakaruhusiwa kuzungumza, kwa sharti kwamba kundi litoe jibu moja na kila mmoja aweze kulieleza. Kwenye meza iliyokuwa mbele yangu, msichana mdogo kuliko wote pale, wa kidato cha pili, akauliza: "Tukiigeuza 4 tukakuta K, kanuni imevunjika?" Wakatazamana. Mmoja akasema haikuvunjika, kwani kanuni haikusema chochote juu ya konsonanti. "Na tukikuta A?" Nayo haikuvunjika. "Basi tunaigeuzia nini?" Hapo meza ikachangamka. Kijana mmoja akaishika kadi ya 7, ambayo hakuna aliyeitaja mpaka wakati huo, akasema kwa sauti, "Lakini nyuma ya hii pakiwa na A, kanuni imekufa!" Jibu ni A na 7, na wamelifikia wenyewe, Maalim yuko dirishani anasikiliza tu.

Baadaye Maalim alitueleza kuwa zoezi hilo ni la mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason, la mwaka 1966, na watu wazima wenye elimu zao hulikosa vilevile. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Moshman na Geil, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu zoezi la aina hiyo. Katika waliofanya peke yao, asilimia 9 tu ndio waliopata jibu sahihi. Katika makundi yaliyojadiliana, asilimia 75 yalilipata. Nikaelewa kwa nini anasisitiza waandike peke yao kwanza: mtoto aliyekwisha kuweka jibu lake kwenye karatasi ana kitu cha kukitetea, hawezi kumwachia mwenziwe aliye mwepesi wa kusema afikiri kwa niaba yake.

Somo la mashua nalo lilikuwa zuri. Watu wa Athens, kwa mapokezi ya Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, waliihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wenye hekima wakabishana kama bado ni meli ile ile. Kwetu hakuna haja ya kueleza sana, kila mtoto aliyeshuka bandarini ameona chombo kikitolewa mbao na kutiwa nyingine. Katika kila kundi, kila mmoja alipewa karatasi yake. Mmoja alipata kisa cha Plutarch. Wa pili alipata Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliyeuliza itakuwaje mtu akiziokota zile mbao kuukuu akaunda meli ya pili. Wa tatu alipata Heraclitus, mwanafalsafa wa Kigiriki, na mto wake ambao maji yake hayasimami, wa nne Mgiriki mwenziwe Aristotle na tofauti ya mada, yaani kile kitu kilichotengenezewa, na umbo lake. Wenye karatasi za aina moja walikutana pembeni mpaka wakaielewa, kisha kila mmoja akarudi kwenye kundi lake kuwasomesha wenziwe. Asiyesema kipande chake, kundi zima limepungukiwa. Mpango huu aliubuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati watoto weupe, weusi na wa asili ya Meksiko walipoanza kusoma chumba kimoja na madarasa yakawa na uhasama mtupu. Alitaka wahitajiane. Mimi niliona mtoto mnyamavu wa shamba akisikilizwa na watoto wa mjini kwa makini, kwa sababu Hobbes alikuwa naye yeye tu.

Sasa ile hofu ya wengi, kwamba mtoto akifundishwa kuhoji atapoteza adabu. Mimi pia niliingia nayo. Darasani pana sharti moja lisilovunjwa: huruhusiwi kumpinga mwenzio mpaka uirudie hoja yake kwa maneno yako, naye akiri, "Ndivyo nilivyosema." Ukimsingizia, unaanza upya. Maalim huwakumbusha Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, ambaye kabla ya kuwajibu wanafalsafa aliandika kitabu kizima kueleza maoni yao, akayaeleza vizuri hata wasomaji wa Kilatini huko Ulaya wakamdhani ni mmoja wao. Na mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba, alipokuja kumjibu Ghazali aliyekwisha kufariki mwaka 1111, alinukuu maneno yake kifungu baada ya kifungu ndipo akajibu. Mbele ya mifano hiyo sioni mzazi gani atasema kuhoji ni utovu wa adabu. Anayekata kauli ya mwenzake kabla hajaielewa ndiye asiye na adabu.

Matunda nimeyaona dukani. Alikuja mfanyabiashara na mzigo wa kanga, akaniambia hizi hazichuji, angalia bei yake. Binti yangu akamwambia kwa upole kabisa, "Shikamoo mjomba. Zimewahi kupatikana za bei kubwa zikachuja?" Yule bwana akacheka, akakubali kuwa zimewahi. "Basi tuitie moja maji?" Tukaleta beseni. Hakuna aliyekosewa heshima, na mimi nikajua ninanunua nini. Hiyo ni kadi ya 7 ile ile: hakwenda kutafuta kanga ya kumsadikisha, alitafuta ile ambayo ingeivunja kanuni.

Yako yasiyoniridhisha, na Maalim nimemwambia usoni. Kubwa ni alama za kundi. Mwisho wa mwezi kundi zima hupata alama moja, na nimemwona kijana mmoja amekaa akichora daftari lake wakati watatu wanahangaika, kisha akapata sawa nao. Hii si haki, tena inaharibu kazi nzuri yote ya wiki zilizotangulia. Wataalamu wenyewe wa njia hii, akina David na Roger Johnson wa Minnesota na Robert Slavin, wameandika kwa miaka mingi kwamba kusoma kwa pamoja hakufanyi kazi vizuri bila ya kila mmoja kuulizwa peke yake. Siku hizi Maalim huchomoa jina kwenye kikopo na aliyetajwa ndiye anayeeleza jibu la kundi. Ni afadhali, ila alama bado ni moja. Nataka nusu iwe ya mtoto mwenyewe.

La pili, ukarani. Kila kundi lina mwandishi, msemaji, mtunza saa na muulizaji, na kazi hizi zinatakiwa zizunguke. Hazizunguki. Uandishi unawaangukia wasichana kwa kuwa "wana hati nzuri", na mvulana ndiye anayesimama kusema yaliyoandikwa. Wazazi wa mabinti, liulizieni hili mkifika, tukiwa wengi litarekebishwa upesi.

Chumba nacho ni cha bati, na mvua ya masika ikishuka husikilizani, wanalazimika kusubiri. Viti vinatosha kwa sasa.

Ada hulipwa mwanzo wa mwezi, na risiti unaandikiwa. Kabla hujalipa, nenda Jumamosi moja ukae nyuma ujionee. Maalim hamkatazi mzazi, ila simu utaizima, na ukipewa kadi nawe utaandika jibu lako peke yako kwanza.