Mashine ya soda ya nyumbani: uliza mtungi kwanza

Malalamiko ninayotumiwa kuhusu mashine za kutia gesi kwenye vinywaji yanafanana mno. Mtu ameona tangazo Instagram: mashine nyeusi inang'aa, mkono wenye kucha nyekundu unamimina jini na ndimu, mapovu yanapanda. Akanunua. Mwezi wa kwanza sebule imekuwa baa, leo mojito, kesho ile kokteli iitwayo dawa, yenye mapovu. Kisha gesi inaisha, na hapo ndipo anapogundua kwamba kila anayempigia simu hapa Nairobi hawezi kumjazia, kwa kuwa mdomo wa mtungi wake hauingiani na kifaa cha mjazaji. Mashine inahamia juu ya friji kushika vumbi.

Kwa hiyo leo sitaki kusikia habari ya rangi wala urefu. Hayo utayaona mwenyewe. Mimi nina neno na mtungi.

Mashine zote hizi kazi yake ni moja: kusukuma kaboni dioksidi ndani ya kinywaji kilichofungiwa kwenye chupa. Nyingi hazitumii hata stima, na kwa mtaa ninaoishi hilo si jambo dogo. Mtungi wa kawaida huitwa wa lita 60, yaani watengenezaji wanadai utatia gesi maji ya kiasi hicho. Ndani mna gramu 410 hadi 425 hivi za gesi. Ukipenda mapovu ya kuchoma koo, ondoa lita kadhaa kwenye hesabu hiyo.

Midomo ni ya aina mbili. Wa kwanza una nyuzi, unausokota mpaka ukaze. Mtungi wa bluu wa SodaStream ni wa aina hiyo, na kampuni nyingine nyingi zimefuata mdomo huohuo. Wa pili ni wa rangi ya waridi, unaitwa Quick Connect, hausokotwi. Unaupachika tu na kushusha mkono wa mashine. Kule ambako unaingia dukani na mtungi mtupu na kutoka na uliojaa, huo wa waridi ni raha tupu. Hapa kwetu, mjazaji mwenye adapta yake ni wa kutafutwa kwa tochi. Wengi walioniandikia wakilia walikuwa na wa waridi, na hakuna muuzaji aliyewaambia tofauti.

Mtego mwingine ni wa shangazi anayerudi kutoka London. Mashine italetwa, lakini mtungi uliojaa hauruhusiwi kwenye ndege, iwe sandukuni au mkononi. Utapokea mashine bila roho yake. Kabla hujamtuma, hakikisha una mtungi hapa wenye mdomo unaolingana.

Na sasa niseme linaloniuma. Kaboni dioksidi hii haitoki mbali. Inachimbwa hapo Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu, kutoka visima ambamo inapatikana yenyewe ardhini. Kampuni ya Carbacid imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Nairobi. Wakimbiaji wenzangu wanaojua vilima vya msitu wa Kereita wamepita juu ya gesi hiyohiyo wakihema. Lakini ikishapita mikononi mwa madalali wa mitandaoni hadi kwenye kamtungi kako, unalipishwa kana kwamba imevuka bahari mara mbili. Sina ugomvi na wachimbaji. Ugomvi wangu ni na huyu anayekujazia nusu na kukutoza nzima.

Nusu? Ndiyo. Gesi iliyo mtungini imegandamizwa ikawa kimiminika, na presha yake haishuki kadiri unavyotumia. Inabaki palepale mpaka kimiminika kinapokaribia kuisha. Kwa hiyo kuufungua kidogo ili usikie ukilia “fsss” hakukwambii kitu. Nenda na mizani ya jikoni. Uzito wa mtungi mtupu kwa kawaida umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo kwenye uzito wa sasa, na kinachobaki ndicho ulichonunua. Mjazaji akinuna, ujue kwa nini. Usiende pia kwa wanaojaza vizima moto kwa sababu tu ni rahisi: gesi yao haikutayarishwa kwa kunywewa. Uliza gesi ya kiwango cha vinywaji. Na ukishajaziwa, usiuache mtungi kwenye gari lililoegeshwa juani. Kupita nyuzi joto 31 za Selsiasi gesi hiyo haikai tena kama kimiminika na presha hupanda vibaya.

Basi ipi ununue? Mimi ni wa Drinkmate, ile iitwayo OmniFizz, na sitajifanya nimesimama katikati. Mtungi wake ni wa kusokota. Zaidi ya hapo, inakubali kutia gesi kwenye kinywaji chochote: maji ya ukwaju, juisi iliyochujwa, mvinyo, hata kokteli nzima ikiwa imeshachanganywa. Aarke na SodaStream zinakutaka utie gesi maji matupu kisha uongeze vingine.

Tofauti hiyo nimeijua zaidi kwa sababu ya kukimbia kuliko kwa sababu ya pombe. Nikitoka Karura baada ya mbio ndefu nataka kinywaji chenye chumvi na sukari. Ukitia chumvi kwenye maji ambayo tayari yana gesi, chembe zake zinayatibua, mapovu yanafurika hadi mezani na unabaki na maji yaliyokufa. Dawa yake ni kuyeyusha kwanza, kutia gesi baadaye. Mimi huchanganya lita moja ya maji na ukwaju, robo kijiko cha chai cha chumvi na vijiko vinne vikubwa vya sukari, nachuja kwa kitambaa, naweka frijini mpaka yawe baridi kabisa, ndipo yanaingia mashineni. Baridi ni lazima. Maji yanayokaribia kuganda hushika gesi karibu mara mbili ya maji yaliyokaa mezani, na wanaolalamika kwamba mashine yao ni dhaifu mara nyingi wametumia maji ya mferejini.

Ila usianze na mapovu ukiwa bado unatiririka jasho. Gesi hujaza tumbo, unajiona umetosheka kabla mwili haujapata maji yake. Nusu lita ya kwanza iwe haina gesi. Jipime kabla ya kukimbia na baada: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na unahitaji kurudisha lita moja na nusu kwa saa kadhaa zinazofuata, kwa sababu sehemu yake utaikojoa. Kisha kula. Viazi vitamu au ugali kurudisha nguvu, mayai matatu na glasi ya maziwa kwa ajili ya misuli. Kokteli ingoje jioni. Pombe mara tu baada ya mbio huchelewesha misuli kujijenga, na wale wa kufungua chupa kwenye maegesho nawaona, nawapenda, lakini nimewaambia.

Kwa hiyo jioni. Dawa yangu ya mapovu ni vodka, ndimu iliyochujwa, asali iliyoyeyushwa kwa maji kidogo ya vuguvugu, na maji baridi ya kutosha, vyote kwenye chupa ya Drinkmate isiyopita alama. Kichwa cha kutilia gesi kinachomoka kikiwa bado kimefunga chupa na kina vali ya kutolea presha polepole. Itumie hiyo, tena kwa subira. Ukifungua kwa pupa utaoga asali.

Ya pili ni Aarke Carbonator III, ya Waswidi. Chuma kizuri, mkono wake unashuka kwa utulivu, na mtungi ni wa kusokota. Kama unakunywa jini na toniki tu, yaani maji yenye gesi na sharubati ya toniki juu yake, itakufaa sana. Bei yake lakini ni ya kuwatamanisha wageni, na chuma hakiongezi mapovu.

SodaStream naiweka ya tatu, nayo ndiyo iliyojaa zaidi kwenye matangazo. PepsiCo waliinunua kampuni hiyo mwaka 2018 kwa dola bilioni 3.2, kwa hiyo haitatoweka kesho. Terra na Art ni za mtungi wa waridi, na ndiyo sababu imeshuka kwenye orodha yangu. Mashine yenyewe haina ubaya. Ukipata ya zamani inayokula mtungi wa bluu, fikiria. Kwa mtumba, geuza chupa usome tarehe: chupa hizi za plastiki zina mwisho wa matumizi, na zikiwahi kuoshwa kwa maji ya moto huwa dhaifu. Chupa inayobeba presha si ya kubahatisha.

Chupa ya chuma ya iSi, kutoka Vienna, inatumia vitunguri, yaani vimitungi vidogo vya gesi vya gramu 8, kimoja kwa lita. Haikusumbui na mjazaji, na ni nzuri kwa anayekaribisha wageni mara chache. Lakini soma kasha la vitunguri vyako. Vya kupigia krimu vina gesi nyingine kabisa, naitrasi oksaidi, na kwenye rafu vinafanana na vya soda. Niliwahi kuuziwa vya krimu na kijana aliyeapa kwamba gesi ni gesi.

Za bei rahisi zisizo na jina, sina la kusema isipokuwa kwamba presha haichezewi. Kama bajeti imebana, nunua kreti ya Krest na Stoney, zichanganye na jini, maisha yaendelee.

Nimalizie na hawa wauzaji wa “bei njoo inboksi”. Unauliza bei hadharani, unajibiwa faraghani, na bei inategemea picha yako ya wasifu inaonyesha umesimama wapi. Unauliza aina ya mtungi, unatumiwa video ileile ya mkono wenye kucha nyekundu. Ukimpata mmoja aliyeandika bei, aina ya mdomo na mahali pa kujazia, vyote kwenye tangazo moja, nitumie jina lake leo hii nimpe wateja.