Nginx ya bure mbele ya seva tatu: uzoefu wangu Arusha

Nimeitumia Nginx ya bure, programu inayopokea maombi ya wateja na kuyapeleka kwa seva zilizo nyuma yake, kugawa mzigo wa mfumo wa kupokea oda za safari za Kilimanjaro na Serengeti. Seva mbili zipo ofisini Arusha, ya tatu ya akiba ipo Moshi. Naipa nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu mipangilio inayokuja nayo haifai kabisa pale umeme unapokatika.

Seva hufa kwa namna mbili. Programu ikianguka huku mashine ikiwa hai, mashine hukataa muunganisho papo hapo, Nginx inahamia seva nyingine na mteja hajui kilichotokea. Umeme ukikatika, hakuna wa kukataa wala wa kukubali. Nginx itasubiri hadi proxy_connect_timeout (muda wa kusubiri seva ikubali muunganisho) iishe, na usipoigusa ni sekunde 60. Mtalii atakuwa ameshafunga ukurasa. Ishushe hadi sekunde 2, inatosha hata kwa seva ya Moshi. Ila usiichanganye na proxy_read_timeout, ambayo nayo ni sekunde 60: hiyo ni ya kusubiri jibu, na ukiishusha mno ripoti nzito zitakatwa katikati.

Toleo la bure halipimi afya ya seva lenyewe. Huduma hiyo ipo kwenye NGINX Plus ya kulipia. Linachofanya ni kuhesabu makosa: kosa 1 likitokea, seva inawekwa kando sekunde 10, kisha ombi la mteja halisi linatumwa kwake kama jaribio. Seva ikiwa bado imezimika, mteja huyo ndiye anayesubiri. Mimi naandika max_fails=2 fail_timeout=30s, yaani makosa 2 ndani ya sekunde 30 yaiweke seva kando sekunde 30, na ya Moshi naiongezea neno backup ili isiguswe mpaka za Arusha zishindwe. Usisahau mstari wa zone, unaofanya michakato yote ya Nginx itumie hesabu moja. Bila huo kila mchakato wa Nginx unahesabu makosa yake peke yake, kwa hiyo michakato minne itaigundua seva ileile mara nne, kila mara kwa gharama ya mteja mwingine.

Kwenye proxy_next_upstream, inayotaja makosa yatakayofanya ombi lihamishiwe seva nyingine, nimeweka error timeout http_502 http_503. http_500 nimeiacha makusudi. Hitilafu iliyo ndani ya programu itajirudia kwenye kila seva, zote zitahesabiwa zimekufa, na kwenye logi utakuta "no live upstreams" huku mashine zote zikiwa nzima.

Malipo ndiyo yanayohitaji umakini kuliko yote. Tangu toleo 1.9.13, ombi la POST (linalotuma data, kama malipo) likishatumwa kwa seva halirudiwi kwa nyingine. Kuna wanaoongeza non_idempotent, yaani ruhusa ya kurudia hata POST, ili makosa yapungue. Tafadhali msifanye hivyo kwenye malipo: seva inaweza kuwa imeshakata pesa kwenye kadi, jibu tu likachelewa, na kurudia ni kumkata mgeni mara mbili. Kagua pia viungo vya GET (ombi la kawaida la kufungua ukurasa) vinavyobadilisha kitu, kwa mfano cha kuthibitisha oda, maana GET inarudiwa bila kuuliza.

Ongeza $upstream_addr (seva iliyopewa ombi) na $upstream_status (msimbo wa jibu lake) kwenye logi. Ukiona "502, 200", seva ya kwanza ilikataa na ya pili ikajibu. "504, 200" ina maana ya kwanza ilinyamaza hadi muda ukaisha. Hapo unajua uanze kwenye programu au kwenye waya.

HAProxy, programu nyingine ya kugawa mzigo, inapima seva bure, kila sekunde 2, na inaitoa baada ya kushindwa mara 3. Kama ningekuwa naanza upya bila tovuti zilizokwisha kukaa kwenye Nginx, ningeanza na hiyo.

Ukimaliza kusanidi, usijaribu kwa kuzima programu pekee, kwa sababu jaribio hilo litafaulu hata ukiwa umeacha sekunde 60. Chomoa waya wa mtandao kwenye seva moja, fungua ukurasa wa oda mara kadhaa mfululizo, uhesabu sekunde.