Garang na Taha: nani alijadiliana vizuri zaidi Naivasha?

Naivasha, hapa kaunti ya Nakuru, ndipo John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum walipokutana ana kwa ana Septemba 2003 kumaliza vita vya Sudan. Garang alikaza jambo moja: kusini ibaki na jeshi lake, SPLA. Alilipata tarehe 25 mwezi huohuo, na bila hilo kura ya maoni ya 2011 ya kujitenga kwa kusini ingekosa mlinzi. Taha, mwanasheria, Januari 2004 aliridhia kusini ipate nusu ya mapato ya mafuta yake, baada ya majimbo yenye visima kutengewa asilimia 2. Hata kiti chake cha makamu wa kwanza wa rais kilikwenda kwa Garang. Garang alivuna zaidi. Taha alipoteza zaidi, na ninamheshimu kwa hilo. Mpaka wa Abyei, eneo lililogombaniwa na pande zote mbili, wakauachia tume. Mei 2011 jeshi la Khartoum likauteka mji wa Abyei.